Uzamivu wa Mifumo ya Taarifa (MIS): pa kuanzia, pa kupita na pa kukwama

Kila ikifika Septemba simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Dokta, shikamoo. Nina masta ya IT, nataka PhD ya MIS. Chuo gani ni rahisi? Na kama hutajali, naomba na topiki." Nimeshajibu swali hili ofisini, kwenye daladala, na mara moja msibani, jeneza likiwa bado sebuleni. Sasa nalijibu kwa maandishi, ili anayekuja nimtumie hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ukiwahi kufika zahanati yoyote Tanzania umeshaiona MIS kwa macho. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ndiyo yenyewe: vile vitabu vikubwa mezani, muuguzi anayevijaza jioni akiwa amechoka, mtu wa takwimu wilayani anayeingiza jumla ya mwezi kwenye DHIS2, programu ya kompyuta ya takwimu za afya, na mganga mkuu wa wilaya anayeangalia grafu kisha anaamua chanjo ziende wapi. Fani hii inachunguza mnyororo wote huo, na karatasi, mamlaka na fedha zimo humo pamoja na mashine. Kama ndoto yako ni kubuni algorithimu mpya, nenda sayansi ya kompyuta, utafurahi zaidi. Huku tunauliza kwa nini mfumo uliojengwa vizuri unafia mikononi mwa watu wenye akili zao timamu.

KABLA HUJAANZA, UWE NA HIVI

- Shahada ya umahiri yenye tasnifu. Aliyesoma masta ya darasani tu, bila utafiti, atabanwa na vyuo vingi. Marekani wapo wanaopokea hata mwenye shahada ya kwanza.
- Vyeti na matokeo yako yote, yameskaniwa vizuri. Picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako haifai.
- Watu watatu wa kukuandikia barua ya mapendekezo, angalau wawili wawe waliokufundisha. Bosi wako ni wa tatu, hata kama anakupenda.
- Cheti cha Kiingereza (IELTS au TOEFL) kama chuo kinataka. Hudumu miaka 2, kwa hiyo usikimbilie kufanya mapema. Shule za biashara za Marekani nyingi zitataka pia matokeo ya mtihani wa GMAT au GRE, ambayo hudumu miaka 5.
- Programu ya kutunzia marejeo. Zotero ni ya bure na inatosha. Anza nayo siku ya kwanza; anayeanza nayo mwaka wa tatu hulia.
- Saa 10 kwa wiki kwa muda wa mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Huna hizo sasa? Basi ukishasajiliwa hutazipata kwa muujiza.
- Mazungumzo ya kweli na mwenza wako kuhusu fedha. Hili watu hulificha mpaka barua ya chuo ifike.

HATUA YA 1: Hakikisha ni uzamivu unaoutaka

Ukitaka kupanda cheo kazini, zipo shahada za udaktari wa kiweledi kama DBA (ya usimamizi wa biashara), zinazomlenga mtu wa ofisini na tatizo la ofisini. Ukitaka kufundisha chuo kikuu au kufanya utafiti maisha yako, chukua PhD. Ukitaka tu kuitwa Dokta, hesabu miaka minne hadi sita ya maisha yako kisha ujiulize tena.

HATUA YA 2: Tafuta swali kabla ya kutafuta chuo

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Pendekezo ninaloletewa mara nyingi lina umbo hili: "Mambo yanayoathiri ukubalifu wa mfumo fulani katika wilaya fulani." Chini yake kuna dodoso la watu 384 na mchoro wa visanduku na mishale. Visanduku hivyo vimetoka kwenye TAM, nadharia ya ukubalifu wa teknolojia aliyoichapisha Fred Davis mwaka 1989 katika jarida la MIS Quarterly. Mantiki yake ni fupi na nzuri: mtu hutumia mfumo akiuona una faida na si mgumu. Mwaka 2003 ikaja UTAUT, ikaunganisha nadharia nane za namna hiyo kuwa moja. Tangu hapo watafiti wameipima mishale ile kwenye benki, hospitali, shule, mashamba na simu za mkononi, katika kila bara. Ukibadilisha jina la wilaya tu, umebadilisha jina la wilaya tu.

Kuna kasoro kubwa zaidi. Mhasibu wa halmashauri hana hiari ya kuukubali au kuukataa MUSE, mfumo wa malipo ya serikali, kwa kuwa ameagizwa autumie. Kumuuliza kama "ana nia ya kuutumia" ni sawa na kumuuliza abiria wa boti katikati ya mkondo wa Nungwi kama bado ana nia ya safari. Atakujibu "ndiyo, sana", utapata takwimu safi, na hutakuwa umejifunza kitu.

Swali zuri huanzia kwenye jambo lililowahi kukukera ukiwa kazini. Rudi kwenye zahanati yetu. Muuguzi anajaza kitabu cha MTUHA. Anajaza pia kitabu cha mradi wa wafadhili. Pembeni ana daftari lake la mazoezi, mistari mikubwa, ambalo ndilo analoliamini. Mwisho wa mwezi namba tatu hazifanani. Mtu wa TEHAMA akiona hivyo husema "mafunzo hayakutosha." Mtafiti wa MIS huuliza: lile daftari linafanya kazi gani ambayo mfumo rasmi hauifanyi? Anaamuaje namba ipi ipande wilayani? Nani ananufaika zikitofautiana? Njia za panya kama hizo, watu wanazozibuni kuzunguka mfumo rasmi, ni eneo zima la utafiti katika fani hii, na Afrika Mashariki tunazo za kutosha kuuza nje.

Ukishapata swali, lipime mara tatu.

Kipimo cha kwanza: jibu lake litamshangaza nani? Kama kila mtu atasema "si tunajua," tupa.

Cha pili: data utaipata kweli? Usiseme "naamini watanipa." Mtaje mtu mwenye ufunguo wa kabati.

Cha tatu, ambacho watu hawakijui: mfumo ukifa kesho, swali lako litabaki hai? Hili si la kufikirika. Waliokuwa wakiandika kuhusu TANePS, mfumo wa manunuzi ya umma Tanzania, mwaka 2023 waliamka wakakuta umeondolewa na NeST umeingia. Aliyekuwa anauliza "wazabuni wanautumiaje TANePS" alibaki na historia mkononi. Aliyekuwa anauliza namna wazabuni wadogo wanavyotegemea vijana wa stationery kuingia kwenye mifumo ya serikali aliendelea na kazi yake, tena akapata bahati ya kulinganisha mifumo miwili. Funga swali lako kwenye tabia ya watu na taasisi, na jina la mfumo liwe mfano.

HATUA YA 3: Soma kwa mpango

Chama cha kimataifa cha fani hii, AIS, kilichoanzishwa 1994, kina orodha ya majarida 11 yanayohesabiwa kuwa ya juu; kabla ya 2023 yalikuwa 8. MIS Quarterly, lililoanza 1977, limo, na Information Systems Research pia. Hayo yatakuonyesha viwango. Kwa mambo yanayofanana na ya kwetu, soma pia Information Technology for Development na jarida la EJISDC, ambayo yamejaa Afrika na Asia.

Soma makala 30 kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Kila moja iandikie mistari minne kwenye daftari: waliuliza nini, walipata data wapi, walijibu nini, na mimi nisingekubali wapi. Mstari wa nne ndio utakaokuwa tasnifu yako, kwa hiyo usiuruke.

Makala zikiwa za kulipia, uliza maktaba ya chuo kilicho karibu kama ina Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Au mwandikie mwandishi mwenyewe umwombe nakala. Wengi hutuma, na wengine hufurahi kujua kuna mtu Sumbawanga anawasoma.

Onyo kuhusu akili mnemba: itumie kukusahihishia Kiingereza ukitaka na chuo kikiruhusu, lakini usiiombe marejeo. Hutunga makala zisizokuwepo, ikazipa waandishi halisi na mwaka. Msimamizi akiigundua moja tu, hataamini tena hata zile za kweli.

HATUA YA 4: Chagua njia

Shahada hii hujificha chini ya majina mengi: mifumo ya habari, informatiki, TEHAMA, hata menejimenti au biashara. Usitafute herufi MIS peke yake. Njia ni kama hizi.

Nyumbani. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vina ndaki au idara za kompyuta zenye watu wa mifumo ya habari. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ina uzamivu wa sayansi na uhandisi wa habari na mawasiliano, ambao unaegemea zaidi kujenga kitu. Faida: uko karibu na data na kazi yako haipotei. Hasara: ada mara nyingi inatoka mfukoni, na msimamizi mzuri ana wanafunzi wengi kuliko saa zake.

Afrika Kusini. Utafiti mtupu, bila masomo ya darasani mengi. Cape Town ina idara ya mifumo ya habari inayojulikana, Pretoria ina ya informatiki.

Nchi za Nordiki. Huko mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara: Norwei miaka 3, au 4 ukiwa na majukumu ya kufundisha, Uswidi miaka 4. Huombi "nafasi ya masomo", unaomba kazi iliyotangazwa, na tangazo hukaa wiki chache tu. Kwa mtu wa mifumo ya afya, Chuo Kikuu cha Oslo ndiko DHIS2 ilikozaliwa, na Watanzania kadhaa wamepata uzamivu wao pale kwa kuchunguza mifumo ya kwetu.

Uingereza. Unaanza na andiko lako mkononi, miaka 3 hadi 4. Manchester na LSE wana historia ndefu ya kuchunguza TEHAMA na maendeleo. Ada ya mgeni ni kubwa, usiende bila mfadhili.

Marekani. Fani hii huko imekaa kwenye shule za biashara. Minnesota walianza kuifundisha rasmi mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni miaka kama 5: miwili ya darasani yenye takwimu nzito na uchumi, mtihani mkuu, kisha tasnifu. Ukipokelewa, shule nyingi husamehe ada na kukupa posho ya kujikimu kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Lakini nafasi ni chache mno. Idara nyingi huchukua kwa mwaka wanafunzi wasiozidi vidole vya mkono mmoja.

Ushauri wangu, na wapo watakaobisha: kama una miaka zaidi ya 40, familia na kazi ya kudumu, soma nyumbani na utafute miezi michache ya kuwa mgeni kwenye chuo cha nje. Kama una miaka 27 na hesabu hazikutishi, jaribu Marekani au Nordiki kwanza.

HATUA YA 5: Tafuta msimamizi

Chuo kitakupa cheti, lakini miaka minne utaishi na msimamizi. Tafuta watu watatu hadi watano ambao makala zao umezisoma. Angalia wamechapisha nini miaka mitatu iliyopita (mtu anaweza kuwa maarufu na ameshahama mada), wanafunzi wao wamemaliza kwa muda gani, na kama yuko karibu kustaafu. Kisha waandikie mmoja mmoja.

Barua pepe ya kumkaribia iwe fupi. Utaiandika kwa Kiingereza, lakini mifupa yake ni hii:

"Profesa, nilisoma makala yako kuhusu namna wahudumu wa afya wanavyotumia takwimu wanazokusanya. Nimefanya kazi miaka sita kama mtu wa takwimu wa wilaya, na nimeona jambo ambalo makala haikuligusa: wauguzi wetu wana daftari la tatu, lisilo rasmi, ambalo ndilo huamua namba inayopanda juu. Nataka kuchunguza daftari hilo linafanya kazi gani na kwa nini haliondoki hata mfumo ukiboreshwa. Nina ruhusa ya awali ya kuingia vituo vinane. Nimeambatanisha kurasa mbili na wasifu wangu. Je, unapokea wanafunzi mwaka ujao?"

Basi. Usiweke historia ya maisha yako. Usianze na "Dear Sir/Madam" kwa mtu ambaye jina lake unalo. Na usitume barua moja kwa maprofesa 40, kwa sababu wanajuana na hukutana kila mwaka kwenye makongamano kama ICIS. Asipojibu baada ya wiki tatu, mkumbushe mara moja kwa adabu. Akinyamaza tena, nenda kwa mwingine bila kinyongo.

Kwa vyuo vya Marekani mambo ni tofauti kidogo: huamuliwa na kamati ya idara, kwa hiyo profesa kukujibu vizuri hakukupi nafasi. Mwandikie hata hivyo, ili ujue kama anaondoka.

HATUA YA 6: Andika andiko la utafiti

Kurasa 5 hadi 10 zinatosha mwanzo, isipokuwa chuo kimesema vingine. Anza na tukio halisi, aya moja. Kisha swali. Kisha waliotangulia wamefika wapi na wameacha nini. Kisha utafanyaje, na kwa nini njia hiyo inalifaa swali hilo. Malizia na ratiba yenye ukweli ndani yake.

Makosa ninayoyaona kila mwaka: malengo mahususi saba (matatu yanatosha), nadharia iliyobandikwa kama stika bila kufanya kazi yoyote, "hakuna utafiti uliofanyika Tanzania" likiwa ndilo pengo pekee. Hakuna utafiti uliofanyika hata nyuma ya nyumba yangu. Eleza kwa nini mahali hapo panabadilisha tunachokijua.

HATUA YA 7: Fedha

Tafuta mfadhili sambamba na chuo, kwa sababu tarehe haziningojei mimi wala wewe. DAAD ya Ujerumani hufadhili pia masomo ndani ya ukanda wetu wa Afrika, na hutazama shahada yako ya mwisho ni ya lini. Commonwealth Scholarship ni ya Uingereza, Fulbright ya Marekani, na serikali ya China ina mpango wake. Ukiwa mhadhiri msaidizi, anza na ofisi ya mafunzo ya chuo chako. Kuna fedha za miradi ambazo hazitangazwi gazetini.

Bajeti ya mtu anayejilipia isiwe ada peke yake. Weka nauli za kwenda vituoni, posho za wasaidizi, vocha, mtu wa kunukuu rekodi, kongamano moja la nje, na mwaka mmoja wa ziada. Huo wa ziada utautumia.

HATUA YA 8: Peleka maombi

Shule nyingi za Marekani hufunga kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, kwa masomo yanayoanza Agosti. Waombe wanaokupendekeza barua zao miezi miwili kabla, uwape andiko lako na tarehe, kisha uwakumbushe. Profesa wetu wa Kiafrika hasahau kwa makusudi, ila ana mitihani 600 ya kusahihisha.

Kama unakwenda nje, hakikisha mapema kuwa chuo hicho kitatambuliwa ukirudi: Tanzania mamlaka ya vyuo vikuu ni TCU, Kenya ni CUE. Nimewaona watu wenye joho na picha nzuri ambao vyeti vyao havikupita.

HATUA YA 9: Vibali na data

Umepokelewa, hongera. Sasa ndipo miezi inapoyeyuka.

Vibali vina ngazi. Kwanza kamati ya maadili ya chuo. Ukigusa wagonjwa Tanzania, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, nao wamo. Kibali cha utafiti Tanzania kiko chini ya COSTECH, Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Kwa wanafunzi wa vyuo vya ndani, barua ya chuo huenda kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka wilayani, ikashuka kwa mkurugenzi, ndipo ufike kituoni. Usiruke ngazi. Mganga mfawidhi asiye na nakala ya barua ana haki ya kukuambia urudi kesho, na kesho yake pia.

Barua yangu mimi ilikaa masjala ya taasisi moja miezi saba. Nilikuwa nimeandika naomba "taarifa", wao wakaipeleka kitengo cha habari na mawasiliano, ambacho hakina data yoyote ila kamera. Tangu hapo nawaambia wanafunzi: andika jina kamili la unachotaka, la mwezi gani mpaka mwezi gani, bila majina ya watu, kisha uifuate barua kwa miguu.

Sheria za faragha si mapambo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usiondoke na flashi yenye majina ya wagonjwa hata kama mtu wa TEHAMA ni rafiki yako na amekupa mwenyewe.

Kuhusu lugha: ukitafsiri dodoso la Kiingereza kwenda Kiswahili, mpe mtu mwingine alirudishe kwenye Kiingereza bila kuona la kwanza, kisha linganisha. Neno lenyewe "mfumo" ni mtego. Kwa mhudumu mmoja ni kompyuta, kwa mwingine ni utaratibu mzima wa kazi, kwa wa tatu ni serikali. Ukimuuliza "mfumo unakusaidiaje?" hujui anajibu kuhusu kipi. Mwonyeshe kwa kidole.

Na rekodi: saa moja ya mazungumzo hula saa nne hadi sita kuinukuu, zaidi kama watu wanachanganya lugha tatu kwenye sentensi moja. Ukiwa na mahojiano 40, piga hesabu hiyo sasa hivi, si baadaye. Nakala za akiba ziwe mahali pawili, na pasiwe ndani ya begi moja.

HATUA YA 10: Makala, tasnifu, utetezi

Soma kanuni za chuo chako kuhusu makala unazotakiwa kuchapisha kabla ya kutetea, uzisome mwaka wa kwanza. Vyuo vingi vya Nordiki hukubali tasnifu iliyojengwa kwa makala kadhaa na sura ya kuziunganisha. Kwetu kitabu kimoja kirefu bado kinatawala.

Hapa kuna wezi. Jarida linalokuandikia lenyewe, linakusifu, linaahidi kuchapisha ndani ya siku tano na linataka dola 150 ni mtego. Makala ikishatoka huko hairudi, na jopo litaiona.

Kwenye utetezi watakuuliza mambo mawili kwa sura nyingi: umeongeza nini kwenye elimu iliyokuwepo, na kwa nini ulifanya hivyo badala ya vingine. Jibu la la kwanza uwe unaweza kulitoa kwa sentensi tatu, ukiwa umesimama, bila slaidi. Asilimia kubwa hutoka na masahihisho, kwa hiyo usitoe pesa ya ukumbi wa sherehe kabla hujajua ni madogo au makubwa.

UKIKWAMA

Msimamizi hajibu. Acha kumtumia sura nzima na swali "una maoni gani?" Mtumie kurasa sita na maswali mawili ya ndiyo au hapana, pamoja na tarehe. Baada ya kila kikao andika muhtasari wa mistari mitano umtumie. Miezi mitatu ikipita kimya, nenda kwa mratibu wa uzamili na huo muhtasari mkononi; kubadilisha msimamizi kunaruhusiwa, na hufanyika kwa amani ukiwahi.

Taasisi imekunyima data. Uliza wanachoogopa. Mara nyingi ni kutajwa jina. Jitolee kuificha, na uwaahidi wasilisho la matokeo kabla hujachapisha. Wakikataa bado, geuka: wahoji watumiaji nje ya taasisi. Ndiyo maana nilisema uwe na swali linaloweza kuhama.

Umekuta mtu ameshaandika mada yako. Karibu kila mtu hupita hapa, saa nane za usiku, moyo ukidunda. Soma kazi hiyo asubuhi, ukiwa umekula. Utaona amejibu nusu, na sasa una mtu wa kumrejelea na pengine wa kumwandikia.

Makala imekataliwa. Iweke kabatini wiki moja. Kisha jedwali: safu ya kwanza maneno ya mhakiki, ya pili utakachofanya. Yaliyo sawa yarekebishe, usiyoyakubali yaeleze, upeleke jarida jingine ndani ya mwezi. Iliyolala mwaka mzima haiamki.

Dodoso limerudi na majibu yote "nakubaliana sana". Usichambue. Watu wamekuonea huruma au wamedhani umetumwa na wizara. Rudi ukae nao siku tatu bila karatasi, uangalie wanavyofanya kazi, kisha uulize upya.

Kazi imekubana na mwaka umepita bila sura hata moja. Omba kusimamisha masomo kwa barua rasmi kabla muda haujakuishia. Ukinyamaza, saa ya usajili inaendelea kuhesabu na ada pia. Ukirudi, usianze na sura ya kwanza. Anza na daftari la muuguzi, au chochote kile kilichokukera mwanzo, uandike kurasa mbili juu yake kama unamsimulia mtu wa ofisi ya pili. Nyingi ya sura za nne nilizozisoma zilizaliwa hivyo.